Kipimo Nacho Hupimwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza ndugu wanachama jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, hutula fedha zetu kimya kimya. Jambo lenyewe ni vipimo tunavyojengea nyumba zetu: futi kamba, pima maji, timazi, skwea, na ule mpira wa maji. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya waashi, wala hayawahusu makarani. Nawaomba wasome hata mwisho, ndipo wanihukumu.

Kila tukutanapo, maneno ya nyumba hayakosekani. Huyu asema mlango wake haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Yule asema bati zake zimetokeza upande mmoja kama meno ya msumeno. Mwingine asema maji ya mvua humrudia barazani badala ya kumtoka. Na kila mmoja humaliza kwa kumlaani fundi. Mimi simtetei kila fundi, maana wazembe wapo na wevi wapo. Walakini nasema hivi: mara nyingi fundi amekifuata kipimo chake kwa uaminifu, na kipimo ndicho kilichosema uongo. Nacho kilisema uongo kwa kuwa hapana mtu, si fundi wala mwenye nyumba, aliyekihoji mapema. Kipimo nacho hupimwa. Hilo ndilo neno langu, na yote yafuatayo ni kulieleza.

Kwanza tutazame hasara. Mtumishi hajengi nyumba mara tatu. Hujenga moja, tena kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na bati akijaliwa mkopo. Nyumba hiyo ndiyo atakayoikalia siku atakapoiaga ofisi, na ndiyo watakayoirithi watoto wake. Kwa hiyo kila inchi iliyopotea ni mshahara uliopotea. Nitatoa mfano mmoja wa hesabu. Chukua ukuta wenye urefu wa futi 12 na kimo cha futi 10. Ikiwa ukuta huo haukusimama wima, mpiga lipu atalazimika kuujaza mpaka uonekane umenyooka. Tuseme lipu imezidi kwa wastani wa nusu inchi tu. Hiyo ni futi za ujazo 5 za mchanga na saruji, na kwa mchanganyiko wa kawaida humeza karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Nyumba ya vyumba vitatu ina nyuso nyingi za namna hiyo. Zikiwa 10 tu, mifuko 10 imezikwa ukutani ili kuficha kosa ambalo lingezuiwa kwa dakika tano za kukikagua kipimo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ndiyo mali ipoteayo bila habari, kwa maana hakuna stakabadhi yo yote inayoandikwa "saruji ya kufichia ukuta uliopinda."

Wenzetu wa Mbeya na Rungwe wanayo sababu nyingine ya kujali. Nchi yao imo katika Bonde la Ufa, na ardhi yake hutetemeka mara kwa mara. Tetemeko la Rukwa la Desemba mwaka wa 1910 lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kutokea Afrika Mashariki katika karne ya 20. Ukuta uliosimama wima huushusha uzito wake chini moja kwa moja; ukuta ulioinama umekwisha kuanza safari ya kuanguka, na ardhi ikitikisika huimaliza safari hiyo.

Labda mtu atauliza: je, wazee wetu walikuwa na pima maji? Hawakuwa nayo, na tembe za Uhehe zilisimama. Hilo ni kweli, nami naliheshimu. Lakini tuangalie vema jinsi kipimo cha mwili kilivyofanya kazi. Mkono ni tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Watu wa pwani walikuwa na hesabu yao kamili: shibiri 2 ni mkono 1, na mikono 4 ni pima 1. Mikono ya watu hailingani, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara waligombana juu ya nguo. Lakini mtu aliyejenga nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe alikuwa na kipimo kimoja tangu kigingi cha kwanza hata mwamba wa mwisho. Hata kama mkono wake ulikuwa mfupi, ulikuwa mfupi kwa pande zote nne, na nyumba ikakubaliana. Tena ukuta wa miti na udongo husamehe. Ukipinda kidogo hukandikwa tena. Tofali la kuchoma, bati, kioo na marumaru havisamehe.

Sisi leo tumepata vipimo vingi, na wingi huo ndio udhia wetu wa kwanza. Ramani huandikwa kwa meta. Fundi husema kwa futi. Mbao huuzwa kwa inchi, 2 kwa 4 au 2 kwa 6. Basi katika kiwanja kimoja mna lugha tatu, na mkalimani ni kijana wa kusaidia fundi. Tangu mwaka wa 1959 mataifa yatumiayo inchi yalikubaliana kwamba inchi 1 ni milimita 25.4 kamili, hivyo futi 1 ni sentimita 30.48. Lakini kiwanjani utasikia, "Futi moja ni sentimita thelathini." Maneno hayo hayana madhara ukipima kiti. Upime nyumba ya futi 40 nawe utaona: kwa hesabu ya mdomo ni meta 12, na kwa hesabu ya haki ni meta 12 na sentimita 19. Sentimita 19 ni zaidi ya inchi 7. Mwenye ramani na mwenye mbao wakikutana juu ya paa, ndipo ugomvi uanzapo, na kila mmoja ataapa kwamba amepima. Wote wawili wamesema kweli.

Torati ilikataza mtu kuwa na mawe ya kupimia ya namna mbili katika mfuko mmoja, moja kubwa na moja dogo. Sisi husoma neno hilo tukawafikiria wachuuzi. Nadhani linamhusu pia mwenye kuwa na futi kamba mbili katika nyumba moja. Fundi ana yake, iliyokatika ncha na kuanza inchi ya pili. Seremala ana yake mpya. Dirisha likapimwa kwa hii, fremu ikakatwa kwa ile. Kanuni yangu ni nyepesi: nyumba moja, futi kamba moja, lugha moja. Na kama lazima ziwe mbili, zilazwe kwanza ubavu kwa ubavu, zivutwe hata mwisho, zionekane kama zinakubaliana.

Hapo hapo kwenye futi kamba pana jambo lililowatatiza wengi. Ile ncha ya chuma iliyopindwa, ambayo hunasa ukingo wa ubao, hucheza. Ukiivuta hutoka kidogo, ukiisukuma huingia kidogo. Watu wengi hudhani imelegea. Nimemwona mtu akiigonga kwa nyundo ikaze, akajisifu kwamba ameitengeneza. Kumbe aliyeiunda aliilegeza kwa makusudi. Hucheza kwa kadiri ya unene wa chuma chake chenyewe. Ukipima kwa nje, umeinasa na kuvuta, unene hutolewa. Ukipima kwa ndani, umeisukuma ukutani, unene huhesabiwa. Ukiikaza, mojawapo ya vipimo hivyo viwili kitakuwa cha uongo mpaka mwisho wa maisha ya chombo hicho. Nayo ile kamba ndefu ya kitambaa hurefuka ikivutwa kwa nguvu, na ikilowa tabia yake hubadilika. Hiyo yafaa kwa kukadiria shamba, haifai kwa msingi.

Udhia wa pili ni wa nchi yetu hasa. Hapa Tosamaganga, na karibu nchi yote ya Iringa iliyo juu ya bonde la Ruaha Mdogo, tunajenga mteremkoni. Mtu apimaye kwa kuilaza kamba juu ya ardhi anapima mteremko, wala hapimi nyumba yake. Nyumba husimama juu ya sakafu iliyo sawa, si juu ya mgongo wa kilima. Ardhi ikipanda futi 1 katika kila futi 6, kama ilivyo kawaida huku kwetu, futi 60 zilizopimwa kwa kufuata majani huwa futi 59 na inchi 2 tu zikipimwa kwa usawa. Karibu inchi 10 zimepotea, na wala hazikuibwa na mtu. Dawa yake ni kuishika kamba ikae sawa hewani, kwa vipande vifupi vifupi, na kuiteremsha timazi mahali kipande kinapoishia. Ni kazi ya kuchosha, na kwa sababu inachosha ndiyo maana huachwa.

Sasa nije kwa pima maji yenyewe. Chombo hiki ni cha zamani. Mfaransa aitwaye Melchisédech Thévenot ndiye aliyekibuni, yapata mwaka wa 1661. Kazi yake ni rahisi. Ndani ya kichupa mna kimiminiko, ambacho kwa kawaida ni spiriti wala si maji ijapokuwa jina lasema hivyo, na kiputo kimoja cha hewa. Kichupa kimepindwa kidogo sana, mgongo juu, na kiputo hukimbilia mahali palipo juu kuliko pote. Kiputo chenyewe hakisemi uongo hata siku moja. Uongo huingia pale kichupa kinapofungwa katika ubao au chuma chake bila uangalifu. Kikifungwa kimeinama unene wa ukucha, kiputo kitasema kweli juu ya kichupa, nacho chombo kitasema uongo juu ya ukuta. Zile zilizo bora huwa hazipotoki zaidi ya nusu milimita katika meta moja. Zile za bei ya chini hazina ahadi yo yote.

Mimi nilikwenda kununua moja katika duka ambalo sitalitaja. Ilikuwa nzuri machoni, ya rangi ya manjano. Nikaiweka juu ya meza ya muuzaji. Kiputo kikasimama katikati. Nikaigeuza, kichwa kikawa mkia, mahali pale pale. Kiputo kikakimbilia upande. Nikaitisha ya pili, ikafanya vivyo hivyo kwa upande mwingine. Ya tatu ilisema neno moja pande zote mbili, na hiyo ndiyo niliyoilipia. Muuzaji hakufurahi. Akaniambia, "Bwana, hiyo ni pima maji, haigeuzwigeuzwi." Ndugu zangu, hiyo ndiyo hasa inayogeuzwa. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya pima maji mbovu ina urefu wa mgeuko mmoja tu.

Makarani wenzangu mtalielewa jambo hili kuliko watu wote. Sisi tukijumlisha safu ya hesabu, huanzia juu kushuka chini. Kisha, kabla ya kuandika kwa wino, hurudia kwa kuanzia chini kupanda juu. Majibu yakikubaliana, twaandika. Yasipokubaliana, hatuwezi kusema kwamba la kwanza ndilo la kweli kwa kuwa lilitangulia. Kuigeuza pima maji ni kuijumlisha kutoka chini. Tena kuna faida ya pili: chombo kilichopotoka kinapogeuzwa, ukweli huwa katikati ya majibu yake mawili. Kwa hiyo hata mwenye pima maji mbovu aweza kuitumia. Tuseme ina urefu wa futi 2 na imepotoka moja ya nane ya inchi. Akiisogeza mbele hatua 20 katika msingi wa futi 40 bila kuigeuza, mwisho wa msingi atakuwa amekosea inchi 2 na nusu. Akiigeuza kila hatua, kosa la hatua hii litafuta kosa la hatua iliyotangulia, na mwishoni atakuwa salama. Mjuzi mwenye chombo kibovu humshinda asiyejua mwenye chombo kizuri.

Wako wakulima wa vilimani wanaolijua jambo hili pasipo kusoma kitabu. Wapimapo matuta ya kuzuia mmomonyoko hutumia fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Miti hiyo imekatwa porini, na hapana mguu ulio sawa na mwenzake. Lakini kabla ya kuanza kazi huisimamisha fremu juu ya vigingi viwili, huweka alama mahali uzi unapogusa mti wa kati, kisha huigeuza miguu na kuweka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo penye usawa wa haki. Chombo kisichogharimu hata senti moja kikawa cha kweli, kwa kuwa kimepimwa kwanza.

Timazi nayo yaonekana kama haiwezi kudanganya, maana ni uzito na uzi tu. Nabii Amosi alionyeshwa timazi ukutani kuwa mfano wa hukumu, na kwa kweli hakuna mfano ulio mkali kuliko huo. Hata hivyo ina njia zake mbili za kupoteza watu. Ya kwanza ni upepo. Katika miezi ya Juni hata Agosti, wakati ambao sote tunajenga kwa kuwa mvua haipo, upepo wa nyanda zetu hauipi timazi raha. Fundi huchoka kungoja, akakadiria kwa jicho. Dawa ni kuitumbukiza timazi katika ndoo ya maji. Maji huituliza bila kuihamisha. Ya pili imejificha zaidi. Timazi ya mwashi huwa na kibao kidogo juu yake, ambacho huegemezwa ukutani, na upana wa kibao hicho lazima ulingane na unene wa chuma kinachoning'inia. Kibao kikipotea, kijana huchonga kingine kwa haraka. Kikizidi kwa robo inchi, chuma hakitaugusa ukuta ulio wima, bali kitaugusa ule ulioinama, na fundi atafurahi kwamba kimegusa.

Kuhusu mpira wa maji nitasema machache, kwa sababu ndicho chombo ninachokisifu kuliko vyote. Maji hutafuta usawa yenyewe, hayana haja ya kiwanda, na kwa msingi mrefu wa mteremkoni hakuna kinachoyashinda kwa bei. Lakini kiputo cha hewa kikibaki katikati ya mpira, ncha mbili hazitakubaliana; na mtu akiziba ncha moja kwa kidole akasahau, maji hayasogei. Kabla ya kutumia, zileteni ncha mbili pamoja, zisimame bega kwa bega. Maji yakiwa sawa katika zote mbili, endeleeni. Yasipokuwa sawa, mwageni mjaze upya.

Na kwa pembe za nyumba, mafundi wetu wote wanajua ile hesabu ya 3, 4 na 5: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na baina ya ncha zake futi 5, hapo pembe ni ya haki. Hesabu hiyo ni ya kweli. Kosa ni kuifanya ndogo juu ya nyumba kubwa. Nusu inchi iliyokosewa katika futi 4 huzaa inchi 5 katika futi 40. Afadhali 9, 12 na 15. Kisha, vigingi vyote vinne vikiisha simama, pimeni kutoka pembe hata pembe inayoielekea, kwa njia zote mbili. Nyumba ya futi 30 kwa 40 lazima itoe futi 50 na 50. Ikitoa 50 na 49 na nusu, msichimbe. Kung'oa kigingi hakugharimu kitu. Kubomoa msingi kwagharimu mwaka mzima.

Sasa niulize swali la haki. Nchi hii ina Sheria ya Vipimo ya mwaka wa 1982, na Wakala wa Vipimo ambao hukagua mizani za maduka na pampu za petroli. Mkulima wa viazi akifungiwa gunia la lumbesa, sote hupiga kelele kwamba ameibiwa, na kelele hiyo ni ya haki. Mbona basi tukiuziwa pima maji isiyojua usawa, hatusemi neno? Nadhani sababu ni kwamba mwenye lumbesa aliona gunia likifurika, lakini mwenye ukuta haoni mpaka lipu inapopigwa. Ningependa kuona vyombo vya waashi vikikaguliwa dukani kama mizani inavyokaguliwa. Hilo likichelewa, haifai sisi tukae tukilingoja, maana ukaguzi wenyewe hauhitaji mkaguzi. Wahitaji meza na mgeuko mmoja.

Liko pingamizi moja lililo zito, nami silidharau. Wengine wasema, "Nikianza kuvijaribu vyombo vya fundi mbele ya vijana wake, nitamvunjia heshima, na fundi aliyevunjiwa heshima hujenga kwa hasira." Ni kweli. Fundi wetu mara nyingi ni mtu mzima, pengine rika la baba zetu, na amejenga nyumba nyingi kabla sisi hatujashika kalamu. Lakini adabu ina njia zake. Asubuhi ya kwanza, baada ya salamu na baada ya chai, mwenye nyumba aweza kusema, "Fundi, mimi si mjuzi, nifundishe jinsi mnavyovijaribu vyombo kabla ya kazi." Fundi mwema atafurahi kufundisha, na akifundisha atakuwa amejaribu. Fundi atakayekasirika kwa ombi hilo amekueleza jambo muhimu kabla hujamlipa. Na yule atakayejibu kwamba jicho lake latosha kuwa pima maji, mwambie kwa upole kwamba jicho lako wewe nalo ndilo litakaloutazama ukuta huo miaka 30.

Wala isidhaniwe kwamba nawalaumu mafundi kwa umaskini wa vyombo vyao. Mtu alipwaye kwa siku, na siku nyingine asilipwe, atanunua pima maji ipi kama si ile ya bei ya chini? Mishahara yetu ni midogo, lakini ina tarehe. Ujira wake hauna. Sisi twamtaka alete chombo bora kwa fedha ambayo hatumpi. Hilo nalo ni kipimo cha namna mbili katika mfuko mmoja.

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa chama. Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka wa 1922, walionyesha kwamba karani mmoja hana sauti, na makarani wengi wanayo. Jambo hilo ni kweli kwa fedha pia. Basi kila tawi linunue seti moja ya vyombo vilivyo bora: pima maji ndefu ya kuaminika, futi kamba ya chuma ya meta 30, timazi yenye kibao chake, na mpira wa maji ulio safi. Wanachama 20 wakitoa kila mmoja nusu ya bei ya mfuko wa saruji, nadhani fedha itatosha. Vyombo vikae kwa mtunza hazina, viandikwe katika daftari, viazimwe kwa mwanachama aliye na msingi au kuta, naye fundi avitumie pasipo malipo. Na kila vitokapo na kila virudipo, vijaribiwe mbele ya mashahidi wawili, maana hata chombo bora kikianguka mara moja kutoka darini hugeuka kuwa mwongo.

Shauri la pili: katika mapatano yetu na fundi, ambayo wengi wetu hatuyaandiki ijapokuwa kuandika ndiyo kazi yetu, liwemo neno moja la kwamba vipimo vitajaribiwa na pande zote mbili kabla ya tofali la kwanza, na tena kabla ya linta. Shauri la tatu: mwanachama akikagua kiwanja chake jioni, aache kuhesabu matofali tu. Achukue pima maji, aigeuze.

Iko methali tuliyofundishwa tukiwa wadogo, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa nyingi za nyumba zetu zilianza siku ile ambayo watu wawili waliinama juu ya kiputo kilicho katikati, wakasema "sawa," wasikigeuze chombo. Tawi litakalokuwa la kwanza kununua seti yake naomba lituandikie hapa gazetini, litueleze ni vyombo vingapi dukani lilivikataa kabla ya kukipata cha kweli. Habari hiyo peke yake itawafaa wengi.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama wenu,
KARANI WA TOSAMAGANGA